Viza C siyo viza D

Wadogo zangu wa Lubumbashi mnaoenda Ubelgiji kusoma au kufuata mume, angalieni kwanza herufi ya viza. C ni ya matembezi: siku 90 tu ndani ya kila siku 180. Anayetaka kuishi kule aombe D, tena aiombe akiwa bado huku nyumbani. Msimwamini anayesema "ingia na C, utabadilisha huko huko". Kwa kawaida haibadilishwi, na ada mliyolipa hairudi.

Halafu majina. Hapa ndipo wengi wetu tunakwama. Jina, jina la pili na la ubatizo yafanane herufi kwa herufi kwenye pasipoti, cheti cha kuzaliwa na diplome. Kama kuna Kabwe na Kabue, sahihisheni mapema, maana marekebisho huku yanachukua muda. Cheti cha mahakama cha kutokuwa na hatia kisizidi miezi sita, basi kichukueni mwishoni.

Mkifika, jiandikisheni komine (ofisi ya serikali ya mtaa mnakoishi) ndani ya siku 8 za kazi. Polisi wa mtaa atapita kuhakikisha mnaishi hapo. Jina liwe kwenye sanduku la barua.