Kusoma Shahada kwa Mtandao Ukiwa Kyeyo: Anza na Atakayekisoma Cheti

Miaka minne nililinda lango la jengo moja Doha, zamu ya muda wa saa kumi na mbili, na nikirudi kambini nasoma kwa simu hadi macho yanauma. Nikapata cheti. Niliporudi nyumbani Busia, Uganda, mwajiri wa kwanza aliniuliza jambo moja tu: barua ya Baraza la Elimu ya Juu ya kuitambua shahada yako iko wapi? Sikuwa nayo, na nilipoifuatilia nikagundua kwamba chuo changu hakikutambuliwa hata katika nchi kilikodai kuwepo. Akiba ya jasho langu ilipotea hivyo. Sitaki yakukute wewe uliye kyeyo, yaani kazini ughaibuni, iwe Dubai, Riyadh au Boston.

Kwa hiyo, kabla hujatazama ada wala jina la kozi, jiulize nani atakisoma cheti hicho siku ukikitoa kwenye bahasha. Kama ni mwajiri wa Kampala, Mbale au Arua, mlango ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, lenye ofisi zake Kyambogo, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Hilo ndilo linalolinganisha shahada za nje na za Uganda. Ukipeleka shahada yako, watataka pia vyeti vyako vya UCE na UACE, yaani vya kidato cha nne na cha sita. Hapa ndipo watu wetu wengi hunaswa: chuo cha nje kimempokea mtu bila kumuuliza habari za kidato cha sita, naye akadhani ngazi hiyo ameshairuka. Waandikie Baraza sasa, kabla ya kulipa, uwatajie chuo, kozi na vyeti ulivyo navyo, kisha jibu lao ulihifadhi.

Kama unataka kubaki ulipo, swali ni lilelile, ila wa kuulizwa ni wengine. Marekani, chuo huwa na ithibati, yaani uthibitisho wa ubora wake, kutoka kwa chombo ambacho nacho kinatambuliwa na Wizara ya Elimu ya huko au na baraza liitwalo CHEA. Uingereza, serikali ina orodha ya wenye mamlaka ya kutoa shahada. Usiridhike na neno "ithibati" lililoandikwa kwenye tovuti ya chuo chenyewe. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Pakistan, Axact, iliyokuwa na mamia ya tovuti za vyuo hewa, na hata vyombo vya kutoa ithibati ilivitunga yenyewe. Mwizi akijiandikia barua ya sifa, barua ile haimtakasi. Chuo kinachokuahidi shahada kamili kwa "uzoefu wa maisha", au kinachokupigia simu kila siku ulipe leo upate punguzo, kikimbie.

Vyuo vya karibu navyo visidharauliwe. Makerere ilianza kufundisha shahada kwa masafa, yaani mwanafunzi akiwa mbali na chuo, mwaka 1991. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992 kwa kazi hiyohiyo, na Kenya ikapata chuo kikuu huria chake mwaka 2023. UNISA ya Afrika Kusini imefundisha kwa njia ya masafa tangu mwaka 1946. Mimi leo ningeanza na hivi. Ila hata hapo hakikisha kwamba kozi yenyewe ina kibali ambacho hakijaisha muda. Chuo kuwa na jina na kozi kuwa na kibali ni mambo mawili.

Kuna fani ambazo mtandao hauwezi kuzibeba peke yake. Muuguzi lazima ashike mgonjwa, tena asajiliwe na baraza lake. Wakili wa Uganda, hata akiwa na shahada ya sheria, bado ana Law Development Centre, chuo cha mafunzo ya uwakili, mbele yake. Uliza chombo cha fani yako, wala usimwulize mtu wa udahili, maana yeye anatafuta wanafunzi.

Kisha tazama maisha yako yalivyo, kwa ukweli. Kipindi cha saa moja jioni New York huangukia saa tisa usiku Doha wakati wa baridi, saa nane wakati wa kiangazi. Mwenye zamu ya alfajiri hataweza. Tafuta kozi zenye mihadhara iliyorekodiwa. Mitihani ndiyo iliyonitesa zaidi: vyuo vingi humsimamia mwanafunzi kwa kamera, na wanataka uwe peke yako chumbani. Sisi tulikuwa wanane chumba kimoja. Uliza mapema kama kuna kituo cha mtihani karibu nawe, au kama wanakubali ukodi chumba siku hiyo.

Ada nayo ulizia jumla yake, kwa maandishi: usajili, mitihani, vitabu, mahafali, usafirishaji wa cheti. Bei ya muhula mmoja haikuambii kitu. Uliza pia, ukifukuzwa kazi katikati ya mwaka, unaweza kusimamisha masomo kwa muda gani bila kupoteza ulichokwisha kulipa. Sisi wa kyeyo mikataba yetu hukatika ghafla, na swali hili hakuna aliyewahi kunishauri niliulize.

Vyeti vyako vya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, viache kwa mama au dada unayemwamini, nakala zake uzipige picha uwe nazo kwenye simu.