Müller wawili, meli moja: kupima udugu wa Wajerumani wa Pennsylvania

Mtu akikuletea mti wa ukoo wa Pennsylvania wenye jina la Kijerumani, panda nao mpaka miaka ya 1730. Mara nyingi utamkuta huko juu mwanamume aliyebandikwa ndugu wawili watatu. Ukiuliza udugu huo ulijulikanaje, jibu ni lile lile: jina la ukoo moja, meli moja. Huo si ushahidi. Kule Pfalz na Württemberg, maeneo ya kusini-magharibi mwa Ujerumani walikotoka wengi wao, akina Müller walijaa kama akina Juma mwambao wa Pwani.

Nawaandikia kwanza wenzangu mliooa au kuolewa miji ya Pennsylvania kama Lancaster, Reading na Allentown, mkakabidhiwa na wakwe boksi la makaratasi kwa sababu "wewe unapenda kusoma". Lakini njia yenyewe itamfaa yeyote. Jina linakupa mtu wa kumshuku tu. Udugu unaonekana kwa watu waliosimama karibu naye kanisani, mpakani mwa shamba na mahakamani.

Hatua ya 1: Geuza dai liwe swali

Usiandike "Jacob, ndugu wa Georg". Tuseme Müller wako wawili waliishi Tulpehocken na Conestoga, makazi mawili ya Pennsylvania. Andika: "Je, Georg wa Tulpehocken na Jacob wa Conestoga walizaliwa na baba mmoja?" Kisha fungua jedwali la safu tatu: karatasi inasema nini, nani aliyetoa habari hiyo na lini, mimi nadhani nini. Safu ya tatu isiingie kamwe kwenye ya kwanza. Historia za familia zilizochapishwa karne ya 19, zile zinazopenda kuanza na ndugu watatu waliovuka bahari pamoja, ziweke safu ya tatu mpaka zijitetee.

Hatua ya 2: Yajue majina kabla ya kuyatafuta

Mvulana alibatizwa Johann Georg, akaitwa Georg maisha yake yote. Kaka yake ni Johann Jacob, mdogo wao Johann Adam. Kwa hiyo Johann watatu nyumba moja ni jambo la kawaida, na jina la pili ndilo la kufuata. Johannes ni habari nyingine: huyo huitwa Johannes au Hans, na hatakiwi kuchanganywa na hao watatu. Mtoto akifa, anayezaliwa baadaye huweza kupewa jina lile lile, kwa hiyo tarehe ya ubatizo uliyoifurahia inaweza kuwa ya marehemu.

Jina la ukoo la mwanamke huongezwa -in: Müllerin ni binti au mke wa Müller. Masikio ya Pfalz hayatenganishi sana B na P, D na T, G na K, basi tafuta zote. Baadaye kuna waliotafsiri: Zimmermann akawa Carpenter, Schwarz akawa Black, König akawa King. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuacha wajukuu wenye majina mawili yasiyofanana hata herufi.

Na tahadhari moja: "Senior" na "Junior" katika orodha za wakati ule mara nyingi humaanisha mkubwa na mdogo kwa umri katika eneo moja. Wanaweza kuwa mtu na mpwawe, au wasiwe na uhusiano wowote.

Hatua ya 3: Orodha za meli, kwa jicho la karani

Kuanzia Septemba 1727, wanaume wageni wenye miaka 16 na zaidi walioshuka Philadelphia walitakiwa kula kiapo cha utii kwa mfalme wa Uingereza. Orodha zilizobaki zilichapishwa na Strassburger na Hinke mwaka 1934, zikapewa herufi A, B na C. Wengi hutazama jina na kufunga ukurasa bila kuangalia herufi, na hapo wanapoteza kitu cha thamani.

Orodha A ni ya nahodha. Aliyeiandika alikuwa akisikiliza majina ya Kijerumani kwa sikio la Kiingereza, basi tahajia yake usiitegemee. Faida yake ni kwamba baadhi ya orodha hizo hutaja umri, na chache hutaja wanawake na watoto. Orodha B na C ni za viapo, na humo aliyejua kuandika alitia sahihi kwa mkono wake. Juzuu moja ya kazi hiyo ya 1934 imejaa nakala za sahihi hizo. Chukua sahihi ya mtu wako, iweke kando ya ile iliyo kwenye wosia au hati ya shamba ya miaka 20 baadaye. Tazama herufi kubwa ya kwanza, mkunjo wa mwisho, namna alivyofupisha Johann. Mkono huzeeka na kutetemeka, lakini tabia yake hubaki. Kama jina lina alama katikati, karani ndiye aliyeliandika na ulinganisho huo hauna kazi.

Soma pia majina matano juu na matano chini. Watu wa kijiji kimoja walisafiri pamoja na mara nyingi walipanga foleni pamoja. Waandike wote, utakutana nao tena.

Ukimkosa mtu wa Tulpehocken kwenye orodha za Philadelphia, usikate tamaa. Maelfu ya watu wa Pfalz walikimbilia London mwaka 1709, na karibu 3,000 wakapelekwa New York mwaka 1710. Gavana Hunter aliwagawia posho ya chakula, na daftari za posho hiyo za 1710 hadi 1712 zipo. Baadhi ya familia hizo zilihama Schoharie, bonde la huko New York, na kuingia Tulpehocken mwaka 1723, kabla kiapo cha Philadelphia hakijaanza.

Hatua ya 4: Wasimamizi wa ubatizo

Ningeambiwa nichague rekodi ya aina moja tu, ningechagua hii. Katika makanisa ya Kilutheri na Kireformed (Waprotestanti wa mapokeo ya Calvin), ubatizo uliandikwa pamoja na wasimamizi, na mtoto mara nyingi alipewa jina la msimamizi wake. Waliochaguliwa walikuwa ndugu wa baba, ndugu wa mama, au marafiki walioaminiwa.

Chora jedwali la watoto wote wa Georg na wasimamizi wao, kisha la Jacob. Unachotafuta ni kupokezana: Jacob na mkewe kusimamia mtoto wa Georg, na Georg na mkewe kusimamia wa Jacob. Ukiona hivyo zaidi ya mara moja, una kitu. Ukiona pia msichana ambaye hajaolewa, mwenye jina lile lile la ukoo, akisimama kwa wote wawili, tafuta ndoa yake. Huenda ni dada yao, na ukoo wa mumewe ndio uliotunza karatasi. Punguza uzito wa mchungaji, mke wa mchungaji na mwenye nyumba ya wageni. Hao walisimamia watoto wa kila mtu.

Wachungaji walikuwa wachache na walitembea mbali. John Casper Stoever aliandika ubatizo na ndoa katika daftari lake mwenyewe kuanzia 1730 hadi 1779, akizunguka makazi mengi. Kwa hiyo mtu kuonekana kwenye daftari la mchungaji hakukuambii alikoishi.

Wamennonite na Waamish, madhehebu ya Kiprotestanti, hawabatizi watoto wachanga, hivyo hatua hii kwao haipo. Nenda moja kwa moja kwenye ardhi. Wamoravian, dhehebu jingine la Kiprotestanti, ni neema tupu. Tangu walipoanzisha mji wa Bethlehem, Pennsylvania, mwaka 1741 wametunza simulizi za maisha ya waumini wao, na humo mtu hutaja kijiji alikozaliwa na safari yake.

Hatua ya 5: Shamba, kodi na Mahakama ya Yatima

Kwanza jua mipaka. Kaunti (wilaya) ya Lancaster iliundwa mwaka 1729, York 1749, Berks 1752. Mtu alibaki shambani pale pale huku karatasi zake zikibadilisha makao makuu.

Orodha za kodi zinatenga wanaume huru wasiooa, wenye miaka 21 na zaidi. Kijana akiingia humo umeshapata makadirio ya mwaka wa kuzaliwa. Akihamia orodha ya wenye kaya, huenda ameoa.

Mahakama ya Yatima iligawa mali na kuteua walezi. Yatima hapo ni aliyefiwa na baba, hata kama mama yupo. Aliyefikisha miaka 14 aliweza kujichagulia mlezi, na chaguo hilo mara nyingi humwangukia mjomba au baba mdogo. Baba akifa bila wosia, kifungua mimba wa kiume alipata mafungu mawili mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1794, basi hesabu ya mgawanyo inakuonyesha nani alikuwa mkubwa.

Bora kuliko zote ni hati ambayo warithi wote wanatia sahihi kuachia shamba kwa mmoja wao. Mabinti wamo humo pamoja na waume zao, na waliohamia Virginia wametajwa. Hati hizo wakati mwingine ziliandikishwa miaka mingi baada ya kifo, kwa hiyo usiishie muongo aliofia mwenye shamba.

Hatua ya 6: Magazeti ya Kijerumani

Wengi walivuka kwa deni la nauli, wakauzwa utumishi wa miaka kadhaa pale Philadelphia, ndugu mmoja huku, mwingine kule. Gazeti la Christopher Saur wa Germantown, lililoanza mwaka 1739, lilibeba matangazo ya watu wakitafutana: fulani wa kijiji fulani anamtafuta dada yake. Ni mistari michache, lakini udugu umetamkwa na mwenyewe. Ndiyo sababu pia usishangae kukuta ndugu wa kweli wametengana maili 60.

Hatua ya 7: Sasa vuka bahari

Si kabla. Ukiingia Archion, tovuti ya vitabu vya makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani, bila jina la kijiji, utampata Johann Georg Müller unayemtaka, na wengine wengi wa kukupotosha. Ukiwa na kijiji, soma ubatizo, halafu soma mazishi mpaka mwisho. Mtoto aliyezikwa na miaka 3 hakuhamia Amerika, ingawa kwenye miti ya mtandaoni amezaa watoto tisa. Tafuta pia kumbukumbu za ruhusa ya kuondoka: waliokuwa mali ya bwana wa eneo walilipia kuachiwa, na nyingi ziko Speyer, Karlsruhe na Ludwigsburg.

Tarehe za pande mbili zikipishana siku 11, usimtupe mtu. Waprotestanti wa Ujerumani walibadilisha kalenda mwaka 1700. Makoloni ya Uingereza yalisubiri hadi 1752.

Hatua ya 8: DNA, kwa swali lake tu

Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, kwa hiyo wapime wazao wa kiume wa mstari wa moja kwa moja, wawili kutoka kwa Georg na wawili kutoka kwa Jacob. Wawili wa kila upande wakilingana wao kwa wao lakini pande zisilingane, Georg na Jacob hawakuchangia baba. Zikilingana, wana babu mmoja wa kiume mahali fulani. Kama ni baba yao au babu wa karne mbili nyuma, kipimo hakisemi. Vipimo vya kawaida vya kulinganisha DNA ambayo watu wawili wamerithi pamoja havifiki vizuri vizazi nane, na kwa Waamish walioana ndani kwa ndani kiasi hicho huvimba.

Ukimaliza, andika hoja yako aya moja: nini kinaunga mkono, nini kinapinga. Miti ya mtandaoni haina kisanduku cha "huenda". Jibu likiwa huenda, kisanduku cha wazazi kiache wazi na aya hiyo iweke kwenye maelezo, maana ukishakijaza, kesho watu kumi watakuwa wamekinakili, na keshokutwa mkweo atakuletea nakala hiyo kama ushahidi.