Ukitaka kuunga makabati kwa makandarasi

Makabati ya jikoni yanayokuja vipande vipande kwenye maboksi yanakula muda, na mkandarasi mwenye nyumba kumi za kukabidhi hapendi fundi wake wa mbao akwame hapo. Mfuate saiti, omba umuungie moja aone mkono wako. Patana bei kwa kabati, si kwa siku.

Kabla ya kugongomea ubao wa mgongo, pima kona kwa kona kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo visipolingana, milango haitakaa sawa kamwe. Skrubu malizia kwa bisibisi ya mkono, maana drili hula tundu la chipubodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, upesi sana.

Na maboksi yafungueni pamoja na msimamizi, mhesabu bawaba na reli za droo. Zikipungua baadaye utadaiwa wewe.