Kazi ya miezi michache Lamu: uliza maji kabla ya kodi

Mwongozo huu ni wa mtu anayetoka Tanzania, awe wa Tanga, Unguja au Dar es Salaam, aliyepata kazi ya miezi mitatu hadi sita katika mji wa Lamu. Lugha haitakupa taabu. Kitakachokusumbua ni maji, ya kisima na ya bahari, na ndiyo maana tumeyapa nafasi kubwa hapa kuliko mambo mengine.

Karatasi kwanza. Mwananchi wa Afrika Mashariki hugongewa muhuri wa kukaa Kenya hadi miezi 6, lakini muhuri huo ni wa mgeni, haukuruhusu kufanya kazi. Kwa kazi fupi mwajiri huomba pasi maalumu, inayoandikwa Special Pass, kwenye mtandao wa idara ya uhamiaji. Usianze kazi kwa maneno kwamba "inashughulikiwa", kwa sababu ukikamatwa utashtakiwa wewe pia. Ukikaa zaidi ya siku 90, sheria inakutaka ujiandikishe kama mgeni.

Mkataba wa miezi 3 au zaidi lazima uandikwe. Hilo limo katika Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007. Tafuta kipengele cha makao. Mwajiri hutakiwa akupe nyumba au posho ya kukodi, na wengi huandika kwamba posho imo ndani ya mshahara. Ikiwa imo, hakuna nyongeza itakayokuja, basi piga hesabu ya kodi kabla ya kutia sahihi. Uliza pia kama kiasi ulichotajiwa ni kabla ya makato: bima ya afya ya SHIF hula asilimia 2.75 na tozo ya nyumba asilimia 1.5, mbali na NSSF (mfuko wa pensheni) na kodi ya mapato.

Njiani, ukishavuka Horohoro na kufika Mombasa, panda basi la asubuhi linalopita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, takribani kilomita 340. Pasipoti ikae mfukoni, si kwenye buti la basi, maana vizuizi vya polisi ni vingi. Kutoka Mokowe ni boti, kama nusu saa. Beba mabegi mawili ya wastani badala ya sanduku moja kubwa: vichochoro vya mji wa kale havipitishi gari, na mzigo huenda kwa hamali, rukwama au punda. Patana bei begi likiwa bado chini.

Usitume kodi kwa simu kabla hujaiona nyumba. Lala nyumba ya wageni siku tatu au nne, kisha zunguka Mkomani, Langoni na mitaa ya nyuma ukiwa na dalali au, bora zaidi, mtu wa kazini kwako. Ukiingia nyumba, anzia chooni na jikoni. Fungua mfereji mwenyewe. Kinga maji kwenye gilasi na uonje tone: yenye chumvi utayajua papo hapo. Kisha sugulia sabuni mkononi. Isipotoa povu, utafua kwa taabu na sufuria zako zitashika ukoko mweupe. Maji ya namna hiyo yanafaa kuoshea sakafu tu, na itabidi ununue mengine ya kupikia na kunywa.

Baada ya hapo uliza maswali manne. Maji ya mfereji huja siku zipi na saa ngapi? Tangi la juu ni la lita ngapi, na wanalitumia watu wangapi? Pampu inavuta umeme wa mita ya nani? Mfereji ukikatika, kisima cha karibu kiko wapi? Mtu mmoja anayepika na kuoga mara mbili hatumii chini ya mitungi miwili ya lita 20 kwa siku. Ukipanga ghorofa ya pili katika nyumba isiyo na pampu, mitungi hiyo utaipandisha ngazini wewe, au utamlipa mtu kila siku. Nyumba ya bei nafuu mara nyingi imekuwa nafuu kwa sababu hiyo.

Ghorofa ya juu hupata upepo lakini huwa na joto kali msimu wa kaskazi. Ya chini ni baridi, ila kuta za mawe na chokaa hunyonya unyevu na kutoa ungaunga wa chumvi. Nguo zikiegemea ukuta huota kuvu. Birika la zamani, yaani hodhi la maji lililojengwa ndani ya nyumba, likiwa na maji, angalia kama lina visamaki: huwekwa ili wale viluwiluwi vya mbu. Chandarua ni lazima hata hivyo.

Umeme ni wa tokeni. Lipa kwa M-Pesa, paybill (namba ya malipo) 888880, akaunti ni namba ya mita, nawe utatumiwa tarakimu 20 za kubonyeza. Nunua kidogo mbele ya mwenye nyumba kabla ya kulipa dipoziti. Uniti zikija pungufu kuliko kawaida, huenda mita ina deni la mpangaji aliyetangulia.

Sasa bahari. Kazi ikiwa kijiji cha Shela nawe unakaa mjini, ni mwendo wa dakika 40 au 45 kwa miguu kando ya maji, na sehemu za njia hiyo hufunikwa bahari ikijaa. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, wakati uleule wa kutoka kazini. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Tenga nauli ya boti kwa siku hizo, au pita njia ya nyuma. Kazi ikiwa kisiwa cha Pate, boti hungoja maji yajae ndipo ipite Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, kwa hiyo muulize nahodha saa ya kuondoka jioni iliyotangulia. Mwajiri aliyezoea bara asipoelewa, mweleze mapema, si siku uliyochelewa.

Kiamu, lahaja ya Lamu, kitakupa maneno machache mapya: *mui* ni mji, *ndia* ni njia, *ndoo* ni njoo. Salimia kila baraza unalopita, na ujisitiri mavazi. Mwezi wa Ramadhani usile barabarani mchana.

Siku ya kuingia, piga picha za kila ukuta, mita na tangi, umtumie mwenye nyumba picha hizo siku hiyohiyo. Notisi ya kuondoka iandike mwezi mmoja kabla. Mabishano ya dipoziti huwa juu ya rangi iliyobanduka, na picha yenye tarehe ndiyo itakayoonyesha kwamba chumvi ilikuwa ukutani kabla hujaingia.