Somo: Marubani wa Marekani wanavyochagua chama cha wafanyakazi na kukaa mezani na mwajiri

Marubani wa mashirika ya ndege Marekani wako chini ya Sheria ya Kazi za Reli ya 1926, iliyopanuliwa hadi usafiri wa anga mwaka 1936. Ilitungwa ili treni zisisimame ovyo, kwa hiyo msishangae kila hatua ikienda polepole.

Hatua ya 1: Kadi za kuomba kura ya chama. Zinatakiwa sahihi za angalau asilimia 50 ya marubani wote wa shirika, makapteni na wasaidizi wao kwa pamoja. Kituo kimoja hakiwezi kujitenga. Kila mmoja atie sahihi na tarehe kwa mkono wake. Kadi iliyopitisha mwaka haihesabiwi.

Hatua ya 2: Kura. Husimamiwa na Bodi ya Taifa ya Upatanishi. Tangu 2010 zinahesabiwa kura zilizopigwa tu. Zamani asiyepiga alichukuliwa kuwa amekataa chama.

Hatua ya 3: Majadiliano. Wengi hukimbilia mshahara. Mimi ningeanza na kifungu cha nani anarusha safari za kampuni, maana kiwango kizuri cha malipo hakina faida ikiwa safari zenyewe zinagawiwa shirika dogo la nje. Kisha ratiba, mapumziko na zamu za akiba (kukaa tayari kuitwa). Mshahara utafuata, na menejimenti inalijua hilo.

Hatua ya 4: Mkikwama. Bodi huleta mpatanishi, na sheria haimwekei ukomo wa muda. Akishindwa, pande zote huulizwa kama zitakubali uamuzi wa msuluhishi. Mmoja akikataa, huanza siku 30 za kupoa, ndipo mgomo uruhusiwe. Hata hapo Rais anaweza kuingilia: Februari 1997 Bill Clinton alisimamisha mgomo wa marubani wa American Airlines dakika chache tu baada ya kuanza.

Maswali ya wanachama

Tujiunge na ALPA (chama cha marubani wa mashirika mengi) au tuunde chetu?
Vyote vinawezekana. ALPA ipo tangu 1931 na ina wataalamu wa kutosha. Marubani wa shirika la Southwest wana chama chao wenyewe.

Tarehe ya mkataba ikipita kabla ya kuelewana, tunarudi sifuri?
Hapana. Masharti ya zamani yanaendelea. Mkataba wa marubani wa shirika la Delta ulifunguliwa kwa marekebisho mwisho wa 2019. Mpya ulipatikana Machi 2023.

Wakati tunasubiri, tukipatana wote tuseme tunaumwa?
Msithubutu. Mwaka 1999 chama cha marubani wa American kilitozwa na mahakama zaidi ya dola milioni 45 kwa jambo hilohilo. Anayeumwa kweli apumzike, ila asitumie kikundi cha ujumbe kuwahimiza wenzake.