Kuanza ukiwa Mtawala Mdogo: Miaka ya Kwanza ya Munster katika Crusader Kings III

Crusader Kings III, mchezo wa kompyuta uliotolewa na kampuni ya Paradox mwezi Septemba 2020, humruhusu mchezaji kushika nafasi ya karibu mtawala yeyote wa enzi za kati, kuanzia kaizari wa Bizanti hadi mmiliki wa kaunti moja pembezoni mwa ramani. Wachezaji wengi wapya huvutwa na watawala wakubwa, nami ninawashauri wasianzie huko. Mtawala mkubwa huanza na maadui, jamaa na watawala wa chini wengi kiasi kwamba mchezaji hajui jambo gani limesababisha jambo gani, ilhali mtawala mdogo huyaona matokeo ya kila uamuzi wake ndani ya miaka michache. Waundaji wa mchezo wenyewe wameliweka somo la mwanzo katika Ireland ya mwaka 1066, mikononi mwa Murchad wa Munster, mjukuu wa Brian Boru, yule mfalme mkuu wa Ireland aliyeuawa katika vita vya Clontarf mwaka 1014. Mwongozo huu unaanzia hapohapo, ila unazingatia zaidi siku ambayo wachezaji wengi huisahau mpaka iwafikie, nayo ni siku Murchad atakapofariki dunia.

Ngazi za utawala hazina budi kueleweka kwanza. Chini kabisa wapo mabaroni, ambao mchezaji hawezi kuwachagua. Juu yao kuna wenye kaunti, kisha wenye eneo linalokusanya kaunti kadhaa, ambalo hapa nitaliita mkoa, halafu wafalme na makaizari. Murchad huitwa mfalme mdogo kwa desturi ya Kiairishi, lakini kwa hesabu ya mchezo ngazi yake ni ile ya mkoa. Ufalme wa Ireland una mikoa mitano, yaani Munster, Leinster, Connacht, Meath na Ulster, na mwanzoni hakuna mtu anayeushika ufalme wenyewe. Nafasi hiyo iliyo wazi ndiyo inayokifanya kisiwa hiki kuwa mahali pazuri pa kuanzia.

Kabla ya kuuachia wakati uende, fanya kazi yote inayoweza kufanyika ukiwa umeusimamisha. Tazama watu wa familia yako mmoja mmoja. Ikiwa mtawala wako hana mke, mtafutie mwanamke mwenye uwezo mkubwa wa kusimamia mali, kwa sababu mke huongeza sehemu ya ujuzi wake juu ya ule wa mumewe, na ujuzi wa usimamizi ni mojawapo ya mambo yanayoamua ni kaunti ngapi unaweza kuzimiliki moja kwa moja bila adhabu. Watoto wako waliofikia umri wa miaka 16 ni hazina kubwa kuliko dhahabu uliyo nayo. Binti anayeolewa na mtawala, au na mwana wa mtawala, huleta muungano wa kijeshi, na muungano mmoja na mfalme wa ng'ambo au hata na jirani mwenye nguvu unaweza kuongeza maradufu askari utakaowaita vitani. Usikimbilie jina kubwa tu. Mshirika aliye mbali sana hufika vita vikiwa vimekwisha, na mshirika mwenye vita vingi atakuita wewe pia, nawe ukikataa utapoteza heshima.

Kisha panga baraza. Lina viti vitano: waziri wa mambo ya nje, mweka hazina, jemadari, mkuu wa majasusi na kasisi wa ikulu. Kwa mtawala mdogo kazi ya kasisi ndiyo ya haraka kuliko zote, kwa kuwa yeye ndiye anayeweza kutumwa kutafuta hati za kukupa dai la haki juu ya kaunti ya jirani, na bila dai la namna hiyo mara nyingi huna sababu halali ya kutangaza vita. Mpeleke mara moja kwenye kaunti unayoitaka. Kazi hiyo huchukua muda, na inapokamilika utatakiwa kulipa dhahabu, basi usiimalize hazina yako kwa kujenga majengo siku ya kwanza. Mweka hazina mwache akusanye kodi. Mkuu wa majasusi asiwe mtu anayekuchukia, hata kama ndiye mjuzi kuliko wote katika ikulu, maana yeye ndiye unayemtegemea azuie njama za kukuua.

Vita vya kwanza vichaguliwe kwa uangalifu mkubwa. Mchezo hukuonyesha idadi ya askari wa kila upande kabla ya kutangaza vita, lakini hesabu hiyo haitoshi, na ni lazima uangalie pia washirika wa adui yako na vita alivyo navyo tayari. Jirani anayepigana na mtu mwingine ni nafasi ambayo haidumu. Mwezi Septemba 1066 Uingereza imo katika mgogoro wa kugombea kiti cha ufalme kati ya Harold Godwinson, Harald Hardrada wa Norwe na William wa Normandy, kwa hiyo kwa miaka michache hakuna mwenye nafasi ya kuitazama Ireland. Mshindi atakapotulia, hali hiyo itabadilika, na ndiyo maana miaka hii isipotezwe.

Jeshi lako lina sehemu mbili. Askari wa mgambo ni wengi lakini dhaifu, na gharama yao hupanda mara tu unapowaita, hivyo wasiitwe mpaka siku ya vita, na warudishwe makwao siku ileile vita vinapomalizika. Askari wa kudumu ni wachache, wana silaha na mafunzo, na kila aina yao huikabili vizuri aina fulani ya adui. Kwa kipato kidogo cha Munster, kikosi kimoja au viwili vya askari wa kudumu vitakufaa kuliko mamia ya mgambo. Usivuke mto kumshambulia adui aliyekwisha kujipanga, na usipigane mara tu baada ya kushuka kutoka merikebuni, kwa sababu jeshi lililoshuka karibuni hupata adhabu kubwa kwa muda wa siku kadhaa. Ukimteka mtawala wa upande wa adui, vita huwa vimekwisha kwa ushindi wako hata kama ngome zake hazijaanguka. Ukishashinda, mapatano ya amani yatakuzuia kumshambulia mtu yuleyule kwa miaka mitano, isipokuwa uwe tayari kuharibu jina lako. Kwa hiyo andaa dai juu ya jirani mwingine wakati vita vya kwanza vikiendelea.

Hapa ndipo inapofika habari ya urithi, na hapa ninaomba msomaji asiharakishe. Sheria ya urithi ambayo watawala wengi huanza nayo hugawa mali ya marehemu kati ya watoto wake. Mrithi mkuu hupata cheo kikuu na makao makuu, na ndugu zake hupewa sehemu nyingine. Ugumu wake ni kwamba, ikiwa ardhi uliyoiteka inatosha kuunda cheo kingine cha ngazi ileile na cheo chako kikuu, mchezo wenyewe huunda cheo hicho unapokufa na kumkabidhi mwana wa pili, naye huondoka na eneo lake akiwa huru kabisa. Mtawala wa Munster aliyeteka sehemu kubwa ya Leinster kwa miaka ishirini anaweza kumwachia mwanawe mkubwa nusu tu ya alichokijenga, na kumfanya mdogo wake kuwa jirani mwenye wivu.

Dawa yake kubwa ni ufalme. Ukiwa mfalme wa Ireland, mikoa watakayopewa wanao wadogo itakuwa na ngazi ya chini kuliko cheo cha kaka yao, hivyo watabaki chini yake badala ya kujitenga. Kwa sababu hiyo, mara unapoanza kupata mkoa wa pili, elekeza nguvu zote katika kupata zaidi ya nusu ya kaunti za Ireland na akiba ya dhahabu ya kuunda cheo cha mfalme. Ikiwa mtawala wako ni mzee na lengo hilo liko mbali, ni afadhali kusimama kabla ya kufikia kiasi cha kuundiwa mkoa wa pili, kuliko kupanua utawala utakaopasuka baada ya mwaka mmoja. Mtawala Mkristo anaweza pia kumwomba mwana wa ziada aingie utawa, na mkuu wa ukoo anaweza kumnyima mtoto urithi, ingawa hatua hiyo hula sifa ya ukoo mzima na kwa ukoo mchanga ni gharama kubwa. Watu wa utamaduni wa Kigaeli, yaani Waairishi na jamaa zao, wanayo njia nyingine, uchaguzi uitwao tanistri, ambapo wakubwa wa nchi humchagua mrithi kutoka ndani ya ukoo. Cheo hubaki katika ukoo, lakini si lazima kiende kwa mtoto wako, kwa hiyo uwe na uhusiano mwema na wapiga kura.

Mrithi mwenyewe alelewe mapema. Akifikia miaka sita, mpe mlezi mwenye elimu ya aina unayotaka aipate na tabia ambazo ungependa mtoto aige.

Siku mtawala wa kwanza anapokufa, simamisha wakati tena kama ulivyofanya mwanzoni. Miungano ya marehemu huvunjika, hivyo angalia ni ipi inayoweza kupatanwa upya kupitia dada na kaka walioolewa au kuoa nje. Watawala walio chini yako watamheshimu kijana huyu kidogo kuliko walivyomheshimu baba yake, kwa hiyo tumia dhahabu uliyoiweka akiba kuwapa zawadi wale wenye nguvu zaidi, wape viti vya baraza wanaostahili, na usitangaze vita vyovyote mpaka chuki yao dhidi yako iwe imepungua.