Mti wa Krismasi wa kweli nyumbani Uganda: kwa ndugu mlio ughaibuni

Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, nikiwa bado Leeds, Uingereza, nilituma hela ya miche 200 ya saipresi ya Krismasi ipandwe kwenye kipande chetu cha shamba mlimani, juu ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Kila baada ya miezi miwili mpwa wangu alinitumia picha: miti imenyooka, kijani kibichi, majani yamefungana. "Mjomba, inakua kama mahindi," akaandika. Desemba ya mwaka wa tatu nikashuka Entebbe, nikapanda basi mpaka Mbale, na kesho yake asubuhi nikaenda kuitazama. Niliikuta miti 31. Ile ya kwenye picha ilikuwa ya jirani.

Hakula hela. Miche yote ilipandwa, ila kiangazi cha Januari na mchwa viliimaliza, naye akaona haya kuniambia. Krismasi ile mti tuliununua kwa jirani huyo huyo, na hakutupunguzia bei.

Siku hizi nimerudi moja kwa moja, nina kitalu kidogo nyuma ya nyumba, na kila ikifika Oktoba simu zinaanza. Boston, Stockholm, Dubai. "Kaka, mwaka huu nakuja na watoto, nataka mti wa kweli, siyo ule wa plastiki." Ninayowajibu ndiyo haya.

Mti upi

Watoto waliokulia Ulaya au Marekani wana sura moja kichwani: mti wa Nordmann wenye sindano laini, bapa, zinazong'aa juu na kuwa na mistari myeupe chini, au ule wa Fraser unaolimwa sana milimani North Carolina. Hiyo ni miti ya polepole. Kufika mita 2 huchukua karibu miaka 8 hadi 10, na kila mwaka inataka miezi ya baridi ipumzike. Sisi tuko kwenye ikweta, baridi ya namna hiyo hatuna. Hata mbegu zake hazioti vizuri mpaka zikae wiki kadhaa kwenye ubaridi wenye unyevu. Nimewahi kuona mche mmoja ulioletwa kwa ndege: ulikaa mwaka mzima bila kuongeza hata urefu wa kidole, kisha ukageuka kahawia ukafa. Isitoshe, mche hauingizwi nchini hivi hivi ndani ya begi. Unataka kibali kutoka wizara ya kilimo na cheti cha afya ya mimea kutoka kule unakotoka. Acha.

Mti wetu wa Krismasi ni saipresi. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, ukaletwa Afrika Mashariki zama za wakoloni kwa ajili ya mbao, na sasa umezoeleka kwenye nyua za shule na makanisa hata watu wanadhani ni wa kwetu tangu enzi. Hauna sindano. Majani yake ni magamba madogo yaliyobanana kwenye vijitawi, na ukiyafikicha unapata harufu ya utomvu. Mtoto akiingia sebuleni na kunusa harufu hiyo, ile Nordmann ataisahau. Nyanda za juu ndiko unakostawi zaidi: Kapchorwa, Kabale, Fort Portal. Kampala, iliyo kwenye mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, unakua pia, ila unataka uangalizi zaidi wakati wa jua kali.

Mwingine ninaoupenda ni arokaria, wenye matawi yaliyopangwa ngazi kwa ngazi kama sahani kwenye rafu. Asili yake ni kisiwa cha Norfolk, Bahari ya Pasifiki. Hauna haraka ya kukua, kwa hiyo unaweza kuishi kwenye chungu miaka kadhaa na ukautumia kila Desemba. Mvinje, ambao ndugu zetu wa pwani wanaufahamu vizuri, ni mwepesi kama manyoya na hauwezi kubeba mapambo mazito. Msonobari una sindano ndefu zinazoning'inia. Ukiupamba unafanana na mtu aliyeamka sasa hivi. Mtarakwa wa milimani ni wa asili yetu na unakua taratibu sana. Huo uacheni usimame.

Kupanda ukiwa mbali

Ukipanda miche ya saipresi kwenye mvua za Machi au Aprili, na mahali pana rutuba na ubaridi kidogo, mwaka wa pili mpaka wa tatu utakuwa na mti wa mita 2. Kwa miti ya Krismasi acha nafasi ya mita 1.5 kila upande. Hapo ekari moja inabeba karibu miti 1,800. Usikubali kubananisha zaidi ya hapo, kwa sababu matawi ya chini yakikosa mwanga yanakauka na hayarudi tena, na mti wa Krismasi usio na sketi hakuna anayeununua.

Miche ichaguliwe na mtu anayejua. Mche mzuri una urefu wa kama sentimita 25 hadi 30, shina limekomaa kidogo, na mizizi haijaanza kujizungusha ndani ya kiriba, yaani kifuko cha nailoni cha kitaluni. Ule mrefu mwembamba uliokaa kitaluni kupita wakati wake huuzwa rahisi, na ndio unaoanguka kwa upepo mwaka wa pili. Mamlaka ya Taifa ya Misitu ina kituo cha mbegu za miti pale Namanve, nje kidogo ya Kampala. Ukitaka mbegu zenye asili inayojulikana, anzia huko. Na mtu akitaka kukupandia msonobari, muulize kama udongo wa kitalu umechanganywa na udongo wa chini ya misonobari mikubwa. Kuna kuvu wanaoishi na mizizi ya msonobari na kuilisha, na bila wao mche unadumaa na kuwa wa njano.

Shimo la sentimita 30 kwa 30 linatosha. Kiriba kichanwe na kuondolewa chote. Nasisitiza kwa sababu nimeng'oa miche iliyokufa ikiwa bado imevaa nailoni yake. Kisha magugu yalimwe mara tatu mwaka wa kwanza, angalau mita moja kuzunguka kila mche. Mchwa ni adui wa kweli wa miezi ya kiangazi. Nyasi kavu zisirundikwe zikagusa shina, na kichuguu kilicho karibu kishughulikiwe kabla ya kupanda, siyo baada.

Halafu kuna mtu wa kuyafanya hayo yote, na hapo ndipo wengi wetu tunapoumia. Usilipe miche. Lipa miti iliyo hai. Mimi sasa hugawa malipo mara tatu: sehemu siku ya kupanda, sehemu baada ya kiangazi cha kwanza kwa kila mti uliosalimika, na iliyobaki mwaka wa pili. Picha sitaki, nataka video, mtu akitembea mstari kwa mstari akihesabu kwa sauti, akianzia kwenye jiwe la mpaka ninalolijua. Na mwambie mapema kwamba miti ikifa hutamgombeza. Mpwa wangu angeniambia Februari ya kwanza, tungerudishia miche mvua zilipoanza.

Kama shamba lenyewe ndiyo bado unatafuta na pasipoti yako ya Uganda ulishaiachia, kumbuka asiye raia hapewi zaidi ya ukodishaji wa ardhi, na mwisho wake ni miaka 99. Uraia wa nchi mbili unaruhusiwa tangu 2009, basi shughulikia hilo kwanza.

Mti ukifika kiunoni, anza kuupunguza. Saipresi ikiachwa hutanuka ovyo. Chagua ncha moja ya juu iwe ndiyo kiongozi, nyingine zinazoshindana nayo zikatwe, kisha ncha za pembeni zipunguzwe kwa makasi ya ua ili mti uwe mpana chini na mwembamba juu. Fanya hivyo mvua zikiwepo, mara mbili kwa mwaka. Siku zote kata ndani ya kijani. Ukifika kwenye ubao wa kahawia usio na jani, hapo hapatachipua kamwe, na tundu hilo utalitazama mpaka Krismasi.

Angalia pia vidukari vya saipresi. Vilionekana Malawi mwaka 1986 na kufikia miaka ya 1990 vilishaenea Kenya na Uganda na kukausha nyua nzima. Ukiona tawi linaanza kukauka kutokea ndani, magamba yananata na yana weusi kama masizi, tenga mti huo haraka na umwite afisa kilimo.

Siku ya kuvuna usikate chini kabisa. Acha kisiki chenye duara moja la matawi mabichi. Tawi mojawapo litageuka liangalie juu, na baada ya miaka miwili mitatu utakata mti mwingine hapo hapo bila kununua mche.

Kununua ukishafika

Wengi hamna shamba, mna wiki tatu za likizo tu. Desemba ikianza, wauza miche wa kando ya barabara Kampala na miji mingine huwa na saipresi kwenye ndoo na viriba vikubwa, na wengine huuza iliyokatwa. Muulize muuzaji imetoka wapi. Mti wa mtu aliyepanda hauna shida. Uliochukuliwa kwenye hifadhi ya msitu au ndani ya Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon ni wizi, hata kama bei inavutia.

Uliokatwa upime kwa mkono: vuta kijitawi kuelekea kwako. Kikibaki na magamba yote, laini na chenye harufu, ni wa jana au juzi. Kikiacha unga wa kahawia kiganjani, endelea kutembea. Mpe bodaboda kamba na shuka kuukuu afungie, na kitako cha shina kitangulie mbele ili upepo usiyapindue matawi. Kabla ya kuuingiza ndani utikise vizuri. Mwaka jana tulimkuta kinyonga kwenye tawi la tatu, na shangazi yangu akagoma kuingia sebuleni mpaka usiku.

Ndani ya nyumba

Vishikio vya chuma kama vya kule huku ni adimu, wala huvihitaji. Chukua ndoo ya lita 20, simamisha mti katikati, bana shina kwa mawe mpaka ndoo ijae, halafu mimina maji. Lakini kwanza kata kipande cha sentimita 2 chini ya shina, muda mfupi kabla ya kuuweka majini, maana kidonda cha zamani kimeshazibwa na utomvu. Kwa hesabu ya haraka, kila sentimita 2.5 za unene wa shina zinaweza kunywa lita moja kwa siku, hivyo shina la sentimita 8 litakutaka lita 3 hivi, hasa siku za mwanzo. Maji yakishuka chini ya shina, kidonda kinaziba tena na kazi imeharibika. Sukari, soda, aspirini, yote hayo ni mbwembwe. Maji matupu yanatosha.

Uweke mbali na dirisha la jua la mchana na mbali kabisa na jiko la mkaa. Saipresi kavu inashika moto kama karatasi. Kwa hali ya hewa ya Kampala mimi huupa mti uliokatwa siku 10, zikizidi sana 14. Atakayeusimamisha tarehe 1 Desemba atakula pilau la Krismasi chini ya ufagio.

Taa: zilizonunuliwa Uingereza zinaingia moja kwa moja, plagi ni ile ile ya pini tatu bapa. Za Marekani ni za volti 120 na umeme wetu ni volti 240. Ukizichomeka bila kipunguza umeme, utapata mlio mmoja na giza.

Ulio kwenye ndoo ukiwa hai usikae ndani zaidi ya siku 10 pia. Ukitoka, uweke kwanza kivulini wiki moja, umwagilie, na usiupande ardhini mpaka mvua za Machi.

Mnaobaki huko mwaka huu

Kwenu ni rahisi zaidi. Kunja sindano ya Nordmann au Fraser: ikivunjika kwa mlio, mti ni mbichi. Ule wenye sindano za pembe nne zinazochoma vidole ni wa bei nafuu, ila hupukutika mapema kwenye nyumba yenye hita, kwa hiyo ununue wiki ya mwisho. Zima hita iliyo karibu nao. Baada ya sikukuu, halmashauri nyingi huikusanya na kuisaga. Ulizia tarehe ya mtaa wenu.

Huku kwetu hakuna gari la kukusanya. Januari mpwa wangu hupita kwangu na panga, anakata matawi ya mti uliokauka, anayapeleka mlimani na kuyachomeka upande wa machweo wa kila mche mpya, yakinge lile jua la saa tisa. Mwaka huu amehesabu 164 hai kati ya 180, na video ninayo.